Kabla Hujasema "Waondoe"

Neno la leo ni refu kidogo. Kama uko safarini, lihifadhi ulisome ukifika nyumbani, ukiwa umetulia na chai yako. Somo letu ni Mathayo 14:13–21 pamoja na Mathayo 15:21–28, halafu uongeze Zaburi 84:3. Fungua Biblia usome mwenyewe, usiniachie mimi nikusomee.

Leo nataka tujifunze kutoka kwa ndege. Bwana wetu mwenyewe alitufundisha kuwatazama ndege, kwa hiyo usinishangae.

Ndege huyo anaitwa shakwe. Ukiwa mtu wa Kisumu unamjua hata kama jina lake hukulijua. Nenda pale Dunga asubuhi, wakati mashua zinarudi na kina mama wanapasua mbuta. Utaona ndege weupe, wakubwa, wakizunguka juu ya maji wakingoja utumbo wa samaki utupwe. Baadhi yao ni wenyeji wa ziwa letu mwaka mzima. Wengine, wale wenye mgongo mweusi, ni wageni. Hutoka Finland na nchi zinazozunguka Bahari ya Baltiki, wakaruka zaidi ya kilomita 6,000 kukimbia baridi, wakafika kwetu mwezi wa kumi hivi. Wakati mvua za masika zinapokaribia, wanarudi kwao kutaga mayai. Kwa sisi huyo ni mgeni mwema. Anakula mabaki, hasumbui mtu, halali juu ya nyumba ya mtu.

Lakini binamu yake aliye Uingereza ni habari nyingine kabisa.

Tuna dada yetu mmoja, mwimbaji wetu wa zamani wa kwaya, ambaye sasa anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee kule Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Anaishi katika kijiji cha wavuvi, nyumba za mawe zimebanana kwenye mteremko hadi baharini, mapaa ya vigae vya mawe, na juu ya kila paa kuna dohani za kutolea moshi. Dada huyu anafanya zamu ya usiku. Anarudi asubuhi akitaka kulala. Sasa mwezi wa sita alinitumia video ya dirisha lake, na sauti niliyoisikia ilikuwa kama watu ishirini wanagombana sokoni. Chini ya video aliandika, "Pasta, niombee. Hawa ndege watanimaliza."

Nikampigia simu. Akanieleza kwamba katikati ya dohani mbili za nyumba anayopanga kuna kiota cha shakwe. Alfajiri inapopambazuka, na kule wakati wa kiangazi kunapambazuka mapema sana, baba na mama wa kiota wanaanza kupiga kelele. Kinyesi kinashuka kwenye dirisha na kwenye nguo alizoanika. Majani ya kiota yameziba mfereji wa paa. Ukila chipsi ukitembea barabarani, shakwe anazinyakua mkononi. Na si ndege mdogo huyo! Akikunjua mabawa, kutoka ncha hadi ncha anakaribia mita moja na nusu.

Nikamwambia, "Si umwambie mwenye nyumba awaondoe?"

Akacheka. "Pasta, hapa haiwezekani. Sheria inakataza."

Na ni kweli. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1981 inayolinda ndege wa porini. Ukibomoa kiota kinachotumika, ukivunja mayai yake au ukimuua ndege bila kibali, umevunja sheria ya nchi. Mwenye nyumba anaweza kuweka wavu juu ya paa lake kabla msimu wa kutaga haujaanza. Lakini kiota kikishakuwa na mayai au watoto, mikono juu. Atangoja mpaka vifaranga waruke.

Wapendwa, jambo hilo halikuniacha. Nililala nalo, nikaamka nalo. Na wengi wenu mnajua ninakoelekea, kwa sababu mmekuwa mkiniandikia juu ya ukumbi wetu wa zamani.

Kwa wale walio mbali nieleze kidogo. Ziwa letu lilipanda sana mwaka 2020, likafikia kiwango ambacho wazee walikuwa wamekisikia tu katika habari za miaka ya 1960. Mvua za 2024 zikarudisha maji tena. Familia za upande wa Nyando ambazo zilikuwa na nyumba, mpunga na ng'ombe, ziliamka usiku zikiwa na maji magotini. Familia kumi na moja kati ya hizo ziko katika ukumbi wetu wa mabati, ule tuliokuwa tukiabudu kabla ya kujenga kanisa hili jipya. Tulisema ni wiki mbili. Wiki mbili zimekuwa miezi.

Na malalamiko ni ya kweli. Sitayadharau. Kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa jiko. Nepi zimeanikwa kwenye ua tuliolipanda kwa mikono yetu. Watoto wanapiga kelele wakati wa kesha. Kwaya ya vijana haina mahali pa kufanyia mazoezi. Kongamano letu la mwezi wa nane linakaribia, wageni watahitaji mahali pa kulala. Halafu mnajua yaliyotokea Jumapili ile ya chai ya wageni. Baada ya siku hiyo, meseji karibu zote nilizopokea zilikuwa na neno moja. Pasta, waondoe.

Kamati inakutana Alhamisi. Kabla ya Alhamisi hiyo, naomba unipe dakika chache juu ya paa la dada yetu. Nina mambo matatu.

JAMBO LA KWANZA: HAKUJA KUKUUDHI. ALIKUJA KWA SABABU AMEPOTEZA MAHALI.

Shakwe wa Uingereza hakuumbiwa mapaa. Mungu alimpa majabali ya baharini na visiwa visivyo na watu. Hapo ndipo mababu zake walipotaga. Basi kilichomleta kijijini ni nini?

Ukiwauliza waliomchunguza ndege huyu, watakuambia mambo kadhaa. Paa la nyumba ya mawe, machoni pa shakwe, ni jabali. Liko juu, mbweha hafiki. Chakula kiko karibu, kwa sababu wanadamu tunatupa chakula kila mahali. Tangu mwaka 1956 Waingereza walipotunga sheria ya kupunguza moshi, majalala yao makubwa yaliacha kuchomwa kama zamani, na ndege wakapata meza iliyoandaliwa. Tena baharini nako mambo yamebadilika, uvuvi si ule wa zamani, na mabaki ya samaki yaliyokuwa yakitupwa kutoka kwenye meli yamepungua.

Sasa sikiliza hili, kwa maana mimi lilinishangaza. Ukimuuliza mtu wa kijiji kile, atakuambia shakwe wamezidi, wamejaa kila mahali. Lakini ukiwahesabu katika nchi nzima, shakwe wa aina hii anayezaliana kwenye majabali ya pwani amepungua kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970. Mwaka 2009 aliwekwa katika orodha nyekundu ya Uingereza, orodha ya ndege walio katika hatari kubwa. Yule anayeonekana amejaa ndiye anayepungua. Anaonekana wengi kwa sababu amehama kutoka kule alikokuwa hatumwoni, akaja juu ya kichwa chetu.

Mtu wa Mungu, unaona? Familia kumi na moja katika ukumbi wetu zinaonekana nyingi. "Pasta, hawa watu wamejaa." Lakini zilipokuwa Nyando, kila moja kwenye boma lake, hakuna aliyesema wamejaa. Watu hawa hawajaongezeka. Wamepungukiwa. Walikuwa na nyumba, sasa wana kona ya ukumbi yenye pazia la leso. Tunachokiita kujaa ni hasara yao iliyokuja kukaa mahali tunapoiona.

Rudi sasa kwenye Zaburi ya 84. Mwimbaji anaitamani nyumba ya Bwana mpaka anaumia. Halafu anatazama juu, anaona nini? Ndege wadogo wamejenga viota karibu na madhabahu na kuweka watoto wao hapo. Nimehubiri zaburi hiyo mara nyingi. Ni andiko tamu. Lakini jiulize, aliyefagia hekalu alisemaje? Kiota kina majani. Kiota kina kinyesi. Makinda wanalia wakati wa ibada. Lakini mwimbaji hakusema uchafu umeingia hekaluni. Aliwaonea wivu! Alisema moyoni, laiti ningekuwa mimi ninayelala karibu namna hiyo na madhabahu.

Tena kuna jambo jingine. Katika Walawi 11:16, pale ndege wasioliwa wanapoorodheshwa, baadhi ya tafsiri za Biblia zinamtaja shakwe, ingawa nyingine zinataja ndege mwingine. Na kunguru yumo katika orodha hiyo hiyo bila shaka. Lakini ni kunguru huyo huyo ambaye Bwana Yesu, katika Luka 12:24, anasema Mungu anamlisha. Ndege ambaye hupaswi kumweka mezani kwako, Mungu anamwekea meza. Basi usije ukafikiri kwamba mtu akikosa usafi unaoutaka wewe, amekosa nafasi katika hesabu ya Baba.

JAMBO LA PILI: KABLA YA KUKASIRIKIA KELELE, TAFUTA MTOTO YUKO WAPI.

Dada yetu alinieleza jambo la ajabu. Kuna mzee mmoja katika nyumba wanayofanyia kazi, anapenda kutembea bustanini na kofia yake. Wiki nzima alitembea salama. Siku moja shakwe akamshukia kichwani kama jiwe, kofia ikaruka. Kesho yake vilevile. Watu wakasema ndege huyu ameingiwa na wazimu.

Siku ya tatu wakaangalia vizuri chini ya ua. Wakamkuta kifaranga. Ana manyoya ya madoadoa ya kahawia, rangi ya vumbi, hawezi kuruka. Alikuwa ameteleza kutoka kwenye paa, na wazazi wake walikuwa wakimlinda pale pale chini. Kila mtu aliyepita karibu na ua ule, machoni pao alikuwa mwuaji.

Shakwe hutaga mayai mawili au matatu, baba na mama wakipokezana kuyaatamia kwa karibu mwezi mzima. Kifaranga akianguliwa, anahitaji wiki tano au sita hivi kabla mabawa hayajambeba. Katika wiki hizo wengi huteleza kutoka kwenye mapaa. Hapo ndipo wanadamu hushambuliwa. Kifaranga akisharuka, ugomvi unaisha. Ndege yule yule, paa lile lile, mzee yule yule na kofia yake, amani.

Unajua walifanya nini kwa yule mzee? Hawakumwua ndege. Walimpa mzee mwavuli. Akawa anatembea bustanini chini ya mwavuli siku ya jua kali, na upande ule wa ua wakaufunga kwa kamba kwa wiki kadhaa. Basi. Mwavuli na kamba.

Sasa twende Mathayo 15. Mwanamke Mkanaani anawafuata Bwana na wanafunzi wake akipiga kelele barabarani. Wanafunzi wamechoka. Wanamwomba Bwana amwondoe, na sababu wanayoitoa ni ile kelele. Hawasemi ni mwovu. Hawasemi amewaibia. Kelele tu. Lakini ukisoma vizuri, utaona alikuwa akisema wazi kwa nini analia. Nyumbani kulikuwa na binti anayeteswa. Wanafunzi walisikia sauti, hawakusikia maneno.

Tusije tukawa hivyo. Jumapili ile ya chai ya wageni, mtoto wa miaka sita alichukua maandazi mezani kabla ya wageni kukaribishwa. Shemasi wetu akamshika mkono wa shati. Hakumpiga. Nilikuwepo, nashuhudia, hakumpiga. Lakini mama wa yule mtoto alitoka ukumbini kama mshale, na maneno aliyomwambia shemasi mbele ya wageni sitayarudia hapa. Shemasi huyu ni mtu mzuri, ametumika miaka mingi, na aliaibika. Nimeketi naye. Aliumia, na ana haki ya kuumia.

Nimeketi pia na yule mama. Nilitaka kujua mtoto yuko wapi katika kelele ile. Akaniambia kwamba usiku wa mafuriko alimbeba mtoto huyo mabegani, maji yakiwa kifuani, giza, akishika waya wa ua ili asichukuliwe na mkondo. Katikati ya maji mtu mmoja alimshika mtoto mkono akitaka kumsaidia, na kwa kushikwa huko mtoto nusura amponyoke. Tangu usiku huo, akiona mkono wa mtu mwingine juu ya mtoto wake, hajui anachofanya. Anakuwa majini tena.

Sisemi kwamba matusi ni sawa. Nimemwambia amwombe shemasi msamaha, na amekubali. Lakini nakuuliza wewe uliyeniandikia nimwondoe mama huyo. Ungejua habari ya maji, ungeandika meseji hiyo?

Katika maisha yako kuna mtu mkali. Labda ni jirani wa ploti, labda ni mkwe wako, labda ni bosi. Kabla hujasema ana pepo, na mimi naamini mapepo yapo na yanatoka kwa jina la Yesu, kwanza angalia chini ya ua. Angalia kama kuna kifaranga. Wakati mwingine anayehitaji kutoka si pepo. Ni hofu ya mzazi. Hofu hiyo nayo hutoka, lakini hutoka kwa kupewa nafasi salama, si kwa kukemewa.

Kanisa langu, tunaweza kununua mwavuli. Tunaweza kufunga kamba. Tuwape watoto meza yao ya chai, iandaliwe kwanza. Kwaya ifanye mazoezi kanisani Jumamosi alasiri. Haya si mambo makubwa.

JAMBO LA TATU: WAKIGONGA DOA JEKUNDU, WAKUTE CHAKULA.

Shakwe aliyekomaa ana mdomo wa manjano, na kwenye taya la chini, karibu na ncha, kuna doa jekundu. Si urembo. Kifaranga anapoanguliwa, hana aliyemfundisha, lakini analigonga lile doa kwa mdomo wake. Akigonga, mzazi anatapika chakula alichokibeba tumboni kutoka baharini, na kifaranga anakula. Doa ni kengele ya mlango. Mtoto anabisha, mzazi anafungua.

Mwanasayansi Mholanzi, Niko Tinbergen, aliyefundisha Oxford na kushiriki tuzo ya Nobel mwaka 1973, alilichunguza jambo hili. Alitengeneza vichwa vya bandia vya shakwe, akabadilisha rangi za doa, akawaonyesha vifaranga. Doa jekundu ndilo lililowavuta kuliko mengine. Halafu yeye na wenzake wakajaribu kitu kingine. Walichukua kijiti chembamba chekundu, wakakichora mistari mitatu myeupe karibu na ncha. Hakikufanana na ndege hata kidogo. Lakini vifaranga walikigonga kile kijiti kuliko walivyokigonga kichwa chenye sura ya mzazi wao.

Nilipojifunza hayo nilinyamaza.

Kwa maana kijiti kile hakina chakula. Unaweza kukigonga mchana kutwa. Kina wekundu kuliko mama, kina mng'ao kuliko mama, lakini nyuma yake hakuna tumbo lililobeba samaki. Na kifaranga hagongi kwa sababu ni mjinga. Anagonga kwa sababu ana njaa.

Nchi yetu imejaa vijiti vyekundu. Kijana asiye na kazi anagonga kamari kwenye simu. Mama mgonjwa anagonga mafuta ya upako ya shilingi elfu tano. Na mwaka 2023 taifa zima lililia pale Shakahola, Kilifi, ilipofukuliwa zaidi ya miili 400, watu wazima na watoto, walioambiwa kwamba kufunga chakula hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Watu hao walikuwa na njaa ya Mungu. Waligonga mahali pekundu, na nyuma yake palikuwa na kaburi.

Ndiyo sababu nasema kwa uchungu. Kanisa letu lina msalaba mwekundu juu ya paa la mabati. Unaonekana kutoka barabarani. Usiku ule wa maji, familia hizi ziliuona msalaba huo kwa taa yetu, zikaja kugonga. Swali la Alhamisi si swali la ukumbi. Ni swali kama sisi ni mzazi au ni kijiti. Taa tunazo. Vyombo vya muziki tunavyo. Mabango ya kongamano yameshachapishwa, mazuri, yana rangi. Je, mtu mwenye njaa akigonga, kuna kitu kinachotoka?

Katika Mathayo 14 jua linatua, watu ni wengi, mahali ni nyika. Wanafunzi wanakuja na ushauri wa busara kabisa. Waage, waende vijijini wakajinunulie chakula. Na Bwana akawarudishia mzigo mikononi mwao, kwamba wao wenyewe ndio wawalishe. Angalia, hakuwapa kwanza mikate elfu tano ndipo akawaagiza. Aliwaagiza wakiwa na mikate mitano na samaki wawili. Muujiza ulipitia mikononi mwa watu ambao dakika chache kabla walikuwa wakitaka kuwaondoa wenye njaa. Laiti watu wangeondoka jioni ile, wanafunzi wangepumzika vizuri, lakini wasingeona muujiza.

Najua kuna swali ambalo mzee mmoja wa kanisa ameniuliza kwa hekima. "Pasta, mpaka lini?" Ni swali la haki, na shakwe analijibu pia. Kiota si makazi ya milele. Mzazi hamlishi mtoto maisha yake yote. Lakini hamsukumi kutoka kwenye paa kabla manyoya hayajaota, kisha akamlaumu kwa kuanguka. Kuna kumwachia mtu aende, na kuna kumtupa. Tofauti ni mabawa.

Basi tuzungumze juu ya mabawa. Watoto kumi na wanne wa ukumbini wanasoma, lakini saba hawana sare. Kina mama wanne waliuza omena kabla ya maji, na mtaji wa kuanza tena si mkubwa. Wanaume watatu ni mafundi wa mawe, na kati yenu wako wanaojenga. Familia mbili mashamba yao yamekauka, wanachokosa ni mabati na misumari tu. Tukifanya hayo, ukumbi utabaki mtupu bila mtu kufukuzwa, na watakaoondoka wataondoka wakiimba. Kongamano likifika kabla hawajawa tayari, wageni wetu watalala majumbani mwetu. Mimi na mama mchungaji tutapokea sita. Wewe utapokea wangapi?

Dada yetu wa Cornwall naye aliniandikia tena mwezi wa saba. Kifaranga wa mwisho juu ya paa lake alikuwa amesimama kwenye ukingo siku mbili akipiga mabawa, hataki kuruka, na yeye badala ya kulala baada ya zamu alikaa dirishani kumwangalia. Hatimaye akaruka. Aliruka vibaya, akatua kwenye paa la jirani, lakini aliruka. Dada akasema alipiga vigelegele peke yake chumbani, mpaka mwenye nyumba akaja kubisha mlango kuuliza kuna nini.

Naye yuko mbali na kwao, wapendwa. Kuna watu kule ambao wangeweza kusema wageni wamejaa. Mwombeeni.

Ombi langu kwako ni matatu. Leo, soma sura hizo mbili za Mathayo, ya 14 na ya 15, ukitafuta mahali ambapo wanafunzi wanataka watu waondolewe, na uone Bwana anafanya nini. Jumamosi saa mbili asubuhi njoo na ndoo, brashi na chokaa, tusafishe ukumbi pamoja na wanaoishi humo, tukijua majina yao. Na kabla ya Alhamisi, kama ulinitumia ile meseji ya neno moja, nitumie nyingine. Niambie unaleta nini. Sare, mabati, kazi, kitanda cha mgeni, chochote.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe unayesikia makinda ya kunguru yakilia, tunakushukuru kwa sababu siku tulipokujia tukiwa wachafu na wenye kelele hukutuondoa. Tupe masikio ya kusikia maneno ndani ya kelele. Wape jirani zetu mabawa. Wakigonga mlangoni petu, wakute chakula. Mponye yule mama na maji ya usiku ule, na umheshimu shemasi wetu mbele ya watu. Umkumbuke dada yetu ugenini. Katika jina la Yesu Kristo.

Kama umeomba pamoja nami, andika Amina, halafu umtumie mtu mmoja ambaye juu ya paa lake kuna kelele. Tuonane Jumamosi. Usisahau ndoo.